Asili ya "Ng'ombe Saba"

Haina maneno. Tuanzie hapo,
maana kila mtu huuliza kwanza maneno.
Ni vipande vitatu vya kukuna zeze la uzi mmoja,
na baada ya kipande cha pili, kimya kifupi,
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.

Mimi niliipata Mabatini kwa Lushinge Mabula,
fundi miavuli. Masika alikuwa na wateja,
kiangazi alikuwa na zeze:
ngozi ya kenge, kibuyu chenye kiraka cha lami,
na uzi wa wavu wa sangara, wa kuokota Mwaloni,
tangu singa za mkia zilipoanza kuuzwa ghali.
Nikamuuliza, ng'ombe saba gani?
"Wa mahari," akasema. "Sita walifika."
Akacheka, akakohoa, akaanza upya.

Alipokufa nilipanda meli kwenda Nansio,
zeze lake ndani ya mfuko wa salfeti.
Masatu Majura alinivumilia hadi katikati,
akaninyang'anya upinde.
"Huu ni wetu. Unaitwa Muhogo Haujakauka.
Nyie mliubeba pamoja na udaga."
Akaupiga, na kweli ulikuwa wenyewe,
ila una mkia, mzunguko wa nne
unaopinda na kurudi kama njia ya kwenda Bukindo.
"Mmeukata," akasema, "ndiyo maana
ng'ombe wenu hawatimii."

Shirati, Odira aliukimbiza mbio,
kisigino kikigonga kreti la soda.
Nilidhani naye atasema ni wao.
"Hapana, huu mlituletea nyinyi.
Alikuja nao kibarua wa barabara, Msukuma,
mtu mfupi, aliondoka na deni la mama yangu."
Akanitazama kama niliyetumwa kulilipa.
Nikanunua soda mbili.

Bukumbi, Sista Perpetua aliimumunya polepole,
macho yamefumbwa: aliijua ya Kwaresima,
kutoka kinanda cha kukanyaga
ambacho kibao kimoja kilikuwa kimekwama.
"Pale pa kimya," akasema, "ndipo palipokwama."

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Nilirudi mjini na daftari limejaa,
na kuhusu kile kimya nilikuwa nimeandika, kwa wino,
*pumziko la kale sana, pengine la tambiko.*

Mama alikuwa anachambua dagaa, hajui muziki,
redio yenyewe huiwasha kwa ajili ya matangazo ya vifo.
Nikampigia. Kufika pale, bila kuinua kichwa:
"Hicho ni kifua."
Kifua gani?
"Cha Lushinge. Kabla ya miavuli alikuwa kinu cha pamba,
miaka kumi na mmoja, vumbi likamkaa.
Akifika hapo lazima akohoe.
Kijana, alikuwa anapita moja kwa moja,
hasimami, hata sisi tukichoka kucheza."
Akatupa kokoto iliyojificha kwenye dagaa.
"Na hakuoa, kwa hiyo mahari sijui."

Basi Masatu je, aliyesimama palepale
na kuapa kwamba wimbo haujatoka kwetu?
Na kisigino cha Odira, kilichogonga mara moja peke yake?
Nilikaa na daftari hadi taa ikakatika.
Lile neno tambiko sikulifuta.
Nililipigia mstari, kisha nikaujutia mstari.

Jumamosi namfundisha Mbuke, wa Nyakato,
miaka tisa, zeze la kopo la rangi,
waya wa breki ya baiskeli.
Ulimbo anaupaka mwingi mno, unamganda hadi nyusi.
Juzi alifika pale baada ya kipande cha pili,
akainua upinde, akatulia, midomo ikacheza.
Mimi sikuwa nimemwambia neno, la kifua wala la kibao.
Nikamuuliza, unafanya nini hapo?

"Nasubiri," akasema.
"Sita wameshapita.
Huyu wa saba anachechemea."